Kaunta Buku la Babu: Maduka Madogo na Sura ya Mji wa Magu

Juni iliyopita nilikwenda Magu msibani. Baada ya kuanua matanga, shangazi yangu alinikabidhi kaunta buku lenye jalada gumu, pembe zake zimeliwa na mchwa, akaniambia nilichukue, ama sivyo yeye angeliwashia moto. Lilikuwa daftari la madeni la duka la marehemu babu yangu. Ukurasa wa kwanza una tarehe ya mwaka 1969, na wa mwisho ulioandikwa ni wa Machi 1976. Katikati kuna mamia ya mistari yenye muundo mmoja: jina, kitu, bei, ahadi. Sabuni nusu mche. Mafuta ya taa chupa moja. Kaniki moja. Chumvi. Jembe. Na karibu kila mahali, kwenye safu ya ahadi, maneno mawili tu: "mpaka pamba".

Sikulichukua kwa sababu ya mapenzi ya ukoo peke yake. Siku mbili kabla, tukiwa tumekaa kwenye turubai, kijana mmoja mtumishi wa umma, msomi na mwenye adabu, alikuwa akitueleza jinsi miji midogo ya kandokando ya barabara kuu itakavyobadilika. Alizungumzia fremu mpya za ghorofa, maegesho, na kuondolewa kwa "vibanda na mabaraza yanayochafua mandhari". Akanigeukia akasema, "Daktari, wewe umetembea, unajua wenzetu wamefika wapi." Sikumjibu. Msiba si mahali pa ubishi. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikilifungua kaunta buku la babu na kulisoma pamoja na nyaraka nyingine ninazozifahamu kwa sababu ya kazi yangu, na nimeona kwamba kijana yule alistahili jibu. Hili ndilo jibu langu, ingawa limechelewa.

Magu iko kilometa kama 60 mashariki ya Mwanza, kwenye barabara iendayo Musoma hadi mpakani Sirari, upande wa kusini wa Ghuba ya Speke. Abiria wengi wa mabasi wanaijua kwa dakika tano za kununua matunda na maji dirishani. Atakayeshuka na kutembea ataona jambo ambalo haoni katika miji mingi iliyojengwa upya: duka lenye baraza, fundi cherehani ameketi barazani, na ndani ya duka bidhaa ambazo mtu wa Dar es Salaam hawezi kueleza kwa nini ziko pamoja. Vipuri vya plau ya kukokotwa na ng'ombe, minyororo, katambuga, shuka, kamba za katani, betri za redio, dawa za mifugo, na pembeni gunia la michembe au matobolwa. Mchanganyiko ule haukupangwa na mtaalamu wa masoko. Umepangwa na miaka ya kumjua mteja: mkulima wa Kisukuma mwenye ng'ombe wa kulimia, shamba la pamba au la dengu, jaruba la mpunga mbugani, na watoto shuleni. Ukitaka kuujua uchumi wa Magu bila kusoma taarifa yoyote, simama mbele ya duka kama hilo uhesabu vitu.

Sasa, duka lile lilitoka wapi? Ni rahisi kudhani kwamba limekuwapo siku zote, kama mawe ya Mwanza. Ukweli ni kwamba mwenye duka Mwafrika katika Usukuma ni mtu aliyepatikana kwa taabu, na aliyefutwa zaidi ya mara moja.

Biashara ya kisasa ya kandokando ya Ziwa ilianza kukua baada ya reli ya Uganda kufika Kisumu mwaka 1901. Bidhaa zilivuka kwa meli hadi Mwanza, na matawi ya wafanyabiashara wa Kihindi, akiwamo yule tajiri mashuhuri Allidina Visram, yakaenea katika bandari za Ziwa. Reli yetu wenyewe ilifika Mwanza mwaka 1928, na kilimo cha pamba kikapata njia ya kwenda baharini bila kupitia Kenya. Kutoka Mwanza, maduka ya Wahindi na ya Waarabu yaliingia ndani, kituo baada ya kituo, kila mahali palipokuwa na pamba ya kununua. Mwenye duka ndiye aliyekuwa pia mnunuzi wa pamba au wakala wake. Aliyekuuzia kaniki ndiye aliyekupimia zao lako. Nitarudi kwenye mizani hiyo.

Mwafrika aliyetaka kufungua duka alikutana na ukuta ambao vitabu vya shule havielezi vya kutosha. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza iliweka sheria ya kuzuia mikopo kwa wale iliowaita wenyeji. Mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika bila kibali hakuweza kumdai mahakamani. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya huruma: kumlinda mwenyeji asinaswe na madeni. Matokeo yake yalikuwa kwamba hakuna mwenye duka la jumla aliyethubutu kumpa Mwafrika bidhaa za mali kauli, na bila mali kauli hakuna rejareja. Mtu alilindwa hadi akashindwa kufanya biashara. Nawaomba wasomaji walio katika utumishi wa umma waikumbuke sheria hiyo kila wanapoandaa kanuni ya "kuwasaidia" wafanyabiashara wadogo. Historia yetu imejaa kanuni za kulinda ambazo zilifanya kazi ya kufukuza.

Wakati huo Waafrika wachache wenye maduka mjini Mwanza waliamua kujikusanya. Baada ya Vita Kuu ya Pili kulikuwa na chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, na mwaka 1947 kikamwajiri kijana mmoja kuwa katibu wake. Kijana huyo alikuwa Paul Bomani, mzaliwa wa Ikizu, aliyekuwa amefanya kazi katika mgodi wa almasi wa Williamson huko Mwadui. Wanafunzi wangu wengi wanalijua jina lake kama Waziri wa Fedha wa mwanzo wa Tanganyika huru. Wachache wanajua kwamba alianza kwenye vitabu vya hesabu vya wenye maduka.

Huko ndiko alikokutana na suala la mizani. Wakulima walilalamika kwamba wanunuzi wa pamba waliwapunja kwa mawe ya uzito yasiyo sahihi na kwa mikono inayojua kubonyeza. Wazo lililozaliwa lilikuwa la kawaida kabisa: tuwe na watu wetu wa kupima pamba kabla haijafika kwa mnunuzi. Kutokana na wazo hilo kukaja umoja wa wakulima wa Jimbo la Ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Mwaka 1956 shirikisho hilo likafungua kiwanda chake cha kwanza cha kuchambua pamba, Kasamwa, huko Geita. Haya yalifanyika katika miaka ambayo TANU ilizuiwa kufanya kazi katika Usukuma, kuanzia 1954 hadi 1958. Kwa miaka hiyo minne mkulima wa Magu aliyetaka kusema jambo la siasa alilisema kwenye mkutano wa ushirika, akijifanya anazungumzia mizani.

Nasisitiza mfuatano huo kwa sababu tumezoea kuwapanga wenye maduka na wana ushirika kama mahasimu: huyu mnyonyaji, yule mkombozi. Katika Kanda ya Ziwa ushirika ulitoka, kwa sehemu yake muhimu, kifuani mwa wenye maduka wadogo. Katibu wa maduka ndiye aliyekuja kuwa kiongozi wa pamba. Na faida ya pamba ndiyo iliyowawezesha watu kama babu yangu kufungua duka. Babu aliuza pamba ya misimu kadhaa, akanunua baiskeli, kisha akawa anakwenda Mwanza na kurudi na katoni za sabuni nyuma ya kiti. Duka likaja baadaye, chumba kimoja cha tofali mbichi na baraza la bati.

Nisimpambe. Nilimuuliza shangazi kwa nini katika daftari sukari ile ile ina bei mbili. Akacheka. "Babu yako hakuwa malaika, mwanangu. Sukari ya daftari haikuwa bei moja na sukari ya mkononi." Nimefanya hesabu kwenye kurasa chache zinazosomeka: tofauti ni kubwa, hasa kuanzia Januari, miezi ya njaa, pamba ikiwa bado shambani. Mwanafunzi wa siasa ya uchumi ataliita hilo unyonyaji, na sitamkatalia moja kwa moja. Lakini ajue pia kwamba hapakuwa na mtu mwingine ndani ya maili nyingi ambaye angempa mjane jembe mwezi Novemba na kungoja hadi Julai. Benki haikuwa na dirisha la mjane huyo. Babu alikuwa analijua shamba lake, alijua kama mvua imenyesha upande ule, na alijua kwamba akimnyima atakutana naye kisimani. Hiyo ndiyo dhamana iliyokuwapo, pande zote mbili.

Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, biashara ya jumla na ya nje iliwekwa mikononi mwa dola, kwanza kupitia Shirika la Biashara la Taifa na baadaye mashirika ya biashara ya mikoa. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo: nyumba za kupangisha zilizothaminiwa zaidi ya shilingi 100,000 zikachukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Kwa Magu yenyewe, yenye nyumba za bei ndogo, sheria ile haikuwa tetemeko. Kwa Mwanza ilikuwa. Familia nyingi za Kihindi, nyingine zikiwa na vizazi viwili au vitatu katika mji ule, zilihama nchi. Tunapozungumzia sura ya Mwanza ya leo, yale majengo ya katikati ya mji yenye roshani, mwaka wa ujenzi umechongwa juu na rangi imebanduka, tunazungumzia nyumba ambazo kwa miongo kadhaa zilikuwa na wapangaji wengi na hakuna aliyeona wajibu wa kuziba bati. Najua hoja ya haki iliyokuwa nyuma ya sheria hiyo, na umiliki wa majengo ya mijini ulikuwa kweli umejaa upande mmoja wa rangi. Nasema tu kwamba jengo lisilo na mwenye kulionea uchungu huzeeka haraka kuliko umri wake.

Kisha 1974 vijiji, na 1976.

Mwaka 1976 unastahili somo lake pekee katika vyuo vyetu. Katika mwaka huo mmoja serikali ilifanya mambo mawili ambayo kwa kawaida yanaandikwa katika sura tofauti za vitabu. Mwezi Mei vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, Nyanza ikiwamo, ambayo ndiyo iliyokuwa mrithi wa lile Shirikisho la Victoria, na pamba ikakabidhiwa mamlaka ya zao. Na mwaka huo huo ikapita Operesheni Maduka, iliyoagiza maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya kijiji. Yaani mtoto aliyezaliwa na wenye maduka, na wenye maduka wenyewe, walizikwa pamoja. Operesheni haikudumu. Katika miezi michache viongozi wa juu waliona rafu zimebaki tupu, wakalegeza amri. Lakini duka si taa ya kuzimwa na kuwashwa. Mtaji uliokwisha kugawanywa, kuliwa au kufichwa haurudi kwa tangazo la redio.

Kwa babu, walikuja watu watatu asubuhi moja. Waliorodhesha bidhaa, wakampa karatasi, wakabeba. Karatasi hiyo sikuiona. Shangazi anasema iliwekwa ndani ya Biblia na baadaye Biblia ikaazimwa. Walichoacha ni kaunta buku, kwa sababu madeni hayabebeki. Na hapa ndipo daftari linaponishangaza kama mtafiti. Mistari mingi ya kurasa za mwisho imekatwa kwa wino wa rangi nyingine, na pembeni yake pameandikwa tarehe za 1977 na hata 1978: "kalipa mpunga", "kalipa mbuzi na chenji", "kalipa mwanawe". Duka lilikwisha kufa. Hakuna sheria iliyowalazimisha. Walikuja kulipa duka ambalo halipo. Wengine hawakuja, na mistari yao iko wazi hadi leo. Nimefunika majina yao kabla ya kupiga picha kurasa hizo, maana wajukuu wao ni majirani zetu.

Kilichofuata kizazi cha wazazi wangu wanakikumbuka bila msaada wangu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sabuni ya foleni, sukari ya kibali, nguo ya kutafutwa. Mji wa Mwanza ulikuwa na kiwanda cha nguo, Mwatex, kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 katikati ya eneo lilimalo pamba nyingi kuliko lolote nchini, na bado watu walitafuta shuka kwa njia za panya kupitia ziwani na Sirari. Mwaka 1983 kukawa na msako wa wahujumu uchumi, na sheria ya nguvu kazi ikawafanya wauzaji wadogo wa mijini waonekane kama watu wasio na kazi, wa kukusanywa na kupelekwa mashambani. Mwaka uliofuata, bajeti ya 1984 ikaruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Mtu yule yule aliyekuwa mhalifu mwaka jana akawa mdau mwaka huu. Maduka ya Magu tunayoyaona leo mengi ni ya kizazi hicho cha baada ya 1984, si ya kizazi cha babu. Walianza upya, kwa mitumba na betri za Kichina, juu ya mabaraza ya zamani.

Nimekwenda mbali ili nifike kwa kijana wa msibani. Mpango wake wa kupendezesha mji unatanguliwa na mfululizo wa mipango mingine, kila mmoja ukiwa na jina zuri: kulinda wenyeji, kujenga ujamaa, kukomesha ulanguzi, kutumia nguvu kazi. Kila mmoja ulimkuta mwenye duka dogo barazani na kumwambia asogee kidogo. Naye kila mara amesogea, na mji umepoteza kitu ambacho hakikuwamo kwenye hesabu za mpango.

Mwanza inatufundisha hilo kwa karibu. Kuna eneo linaloitwa Makoroboi, jirani na hekalu la Wahindu na msikiti, lililopata jina kutokana na mafundi waliokuwa wakigeuza mabati na makopo kuwa koroboi, zile taa ndogo za mafuta ya taa. Jina la mtaa ni kumbukumbu ya kiwanda kisicho na paa. Pamoja na umaarufu huo, eneo hilo limekuwa uwanja wa mvutano kati ya wamachinga na wenye mamlaka kwa miaka mingi. Desemba 2016 Rais Magufuli alizuia bomoabomoa dhidi ya wamachinga, Mwanza ikiwa mfano alioutaja. Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya shilingi 20,000. Mwaka 2021, chini ya Rais Samia, nchi nzima ikaingia katika zoezi la kuwapanga upya, na wengi wakahamishiwa maeneo ambayo mteja hafiki kwa miguu. Sitaki kutoa hukumu nyepesi. Mwenye duka anayelipa kodi ya pango, leseni na kodi ya mapato, kisha mlango wake unazibwa na meza ya mwenzake asiyelipa chochote, naye ana haki yake, na kwa kawaida mwenye duka huyo pia ni mtu mdogo. Lakini tazama mtindo wenyewe: ndani ya miaka mitano mtu huyo huyo, kwenye kona hiyo hiyo, ameambiwa abaki, alipie kitambulisho, kisha aondoke. Hakuna daftari linaloweza kuandikwa "mpaka pamba" katika hali kama hiyo. Mkopo unahitaji mahali pa kumkuta mtu kesho.

Na mkopo haukukoma, umehama tu. Nenda mtaani Magu uwaulize kina mama wanaouza mboga na dagaa wanakopa wapi. Wengine watakutajia vikoba, na hiyo ni heri. Wengi watakutajia mikopo ya simu, na ile inayoitwa kausha damu, ambayo marejesho yake hukusanywa kila siku au kila wiki na watu wasiojua kama mvua imenyesha. Babu alitoza bei mbili, ndiyo. Hakuwahi kuchukua sufuria ya mtu.

Kuhusu mji wenye sura yake, kwa kawaida katika mkoa wetu tunaelekeza kidole Bujora, Kisesa, ndani ya wilaya hii hii ya Magu, ambako Padri David Clement kutoka Kanada alianzisha kituo cha kuhifadhi utamaduni wa Wasukuma. Kila Juni ngoma za Bulabo hukusanya Bagalu na Bagika pale, na mgeni huondoka ameridhika kwamba utamaduni uko salama. Napapenda Bujora, nimepeleka wanafunzi mara kadhaa. Ila ngoma zile zinahitaji ngozi, shanga, njuga, manyoya na kitambaa, na kuna mtu anayeviuza, na fundi anayevishona, na wote hao wako barazani, si makumbusho. Tukiwaondoa barazani tutalazimika siku moja kuagiza njuga kutoka Guangzhou ili tucheze utamaduni wetu. Nasikia kwa shanga tumeshafika.

Je, serikali imelala? La. Julai 2025 ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo za rejareja, huduma za fedha kwa simu, ufundi wa simu na saluni. Amri hiyo ilitokana zaidi na kilio cha Kariakoo, ambako wafanyabiashara walifunga maduka Mei 2023 na tena Juni 2024, mara ya pili mgomo ukasambaa hadi miji mingine, Mwanza ikiwamo. Wengi waliishangilia. Mimi niliisoma nikiwa na kumbukumbu ya 1971 mkononi. Kumzuia mgeni kuuza soksi kunaweza kuwa na haki yake, lakini hakumpi mwenyeji mtaji, wala hakumhakikishii baraza. Na neno "mgeni" katika Kanda ya Ziwa ni neno la kuteleza. Kuna familia zenye asili ya Uarabuni na India zilizozika mababu zao Mwanza kabla ya baadhi ya koo zetu kuhamia huko. Kipimo changu ni kingine: huyu mwenye duka analala wapi, na faida yake inalala wapi?

Kwa kipimo hicho kuna mambo ambayo halmashauri kama ya Magu inaweza kuyafanya bila kungoja Dodoma. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024, inatolewa kwa vikundi vyenye andiko la mradi, na ninyi mnaoyapokea mnajua maandiko hayo yanavyofanana, kuku na kuku na bodaboda. Kwa nini duka lililokaa barazani miaka kumi na linalojulikana na mtaa mzima lionekane si mradi? Halmashauri inaponunua chaki, sabuni, mafagio na chakula cha semina, inanunua kutoka mtaa gani? Na inapojenga fremu mpya, je, mpangaji wa kwanza kupewa nafasi ni yule aliyebomolewa, kwa pango analoweza kulimudu, au ni mtu mwenye fremu nyingine sita mjini anayezikodisha tena kwa bei ya juu? Swali la mwisho si la kinadharia. Nimekaa na watumishi wa halmashauri kadhaa nchini, na hakuna aliyeniambia kwamba hajaliona.

Sidai kwamba mabaraza yasiguswe. Barabara ya Musoma ina malori makubwa, na watoto wanauza karanga sentimeta chache kutoka kwenye matairi. Maji ya mvua hayana njia. Choo cha soko ni aibu katika miji mingi ninayoijua. Mji unatakiwa kupangwa. Ninachodai ni kwamba anayepanga aingie kwanza dukani aulize mambo matatu au manne ambayo ramani haiwezi kuonyesha: nani anakukopa, wewe unakopa kwa nani, wateja wako wanatoka vijiji gani, na ukihamia nusu kilometa wangapi watakufuata. Kazi hiyo ni ya wiki mbili kwa wanafunzi kumi wa mwaka wa tatu. Nimekwisha kuzungumza na mkuu wa idara yetu, na likizo ndefu ijayo tutaianza Magu mjini na Kisesa, ikiwa idhini itapatikana.

Kwa kazi hiyo nahitaji madaftari. Vyama vya msingi vina kumbukumbu zao, serikali ina majalada yake, na nyaraka za wakoloni ziko kwenye masanduku Dar es Salaam na London. Za wenye maduka wadogo ziko kwenye makabati ya shangazi zetu, na kila mwaka mchwa wanasoma sura moja. Aliye na daftari la duka, la kabla ya 1976 au la baada ya 1984, la Magu, Nassa, Sumve, Ngudu au popote Usukuma, asilichome. Halihitajiki kutoka nyumbani kwake. Tutakuja na kamera, tutapiga kurasa mezani kwake, tutafunika majina, na tutamwachia nakala. Shangazi ameniruhusu nilihifadhi la babu chuoni, kwa sharti kwamba nikimaliza nilirudishe, kwa sababu, kama alivyosema, bado kuna watu hawajalipa.